Mama Mkwe Kiti cha Nyuma, Moshi Chini ya Sakafu

Wenzangu wa ofisi ya walimu, mmeniuliza weee mpaka mmechoka, nami kila mara nimejibu "safari ilikuwa ndefu" nikajificha nyuma ya madaftari. Mlichokiona ninyi ni hiki: Mwalimu Elia anaingia Kwamkoro mchana, mvua inanyesha, vioo vyote vya pikapu viko chini, na kiti cha mbele ameketi mama mkwe wake, kalowa chapachapa, kichwa wazi. Najua kuna waliosema nimerogwa. Basi kaeni niwaambie. Jambo lenyewe lilianzia kwenye kiungio cha bomba la moshi, na nusura liishie makaburini.

KWAMKORO HADI LUSHOTO

Mke wangu Naomi alikuwa amejifungua binti, mtoto wetu wa kwanza. Kwao ni Mtae, na kwao mzazi halelewi na jirani, hulelewa na mama yake. Mama akatuma ujumbe kwamba atakuja, ila hapandi basi. Atakuja na gari la mkwe wake. Niliposikia hivyo nikaogopa.

Msionijua vizuri mtanicheka, lakini mama mkwe wangu ni mtu wa kale. Miaka minne ya ndoa sijapata kumtazama usoni, wala yeye hajanitazama. Nikimwamkia nasimama mbali, nainama, nasema shikamoo. Yeye huitikia marahaba akiwa amegeukia ukutani na kanga imemfunika hadi kidevuni. Akiwa na neno nami humpa mtu mwingine alilete, hata kama nimesimama hatua tatu kutoka hapo nasikia kila kitu. Sasa mtu wa namna hiyo nitamweka ndani ya pikapu yenye viti viwili virefu, safari ya siku nzima! Njia nzima hadi Mombo nilikuwa nafikiria tu nitakohoaje mbele yake.

Pale Mombo tulipoanza kupanda kwenda Soni, gari likanipa wasiwasi mwingine. Nakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari haliendi. Klachi ilikuwa imekwisha. Nilipanda zile kona kwa gia ya kwanza, malori ya kabichi yakinipigia honi nyuma, nikaingia Lushoto jua likielekea kuzama huku nimeng'ang'ania usukani kwa mikono miwili.

LUSHOTO, KWA FUNDI ATHUMANI

Asubuhi nilimpata fundi Athumani, mtu mzima mpole, hana haraka hata kidogo. Akaingia chini ya gari, akatoka akitikisa kichwa.

"Mwalimu, klachi si tatizo. Tatizo huyo aliyekuchomelea ekzosi. Ameunga bomba zima moja, limepita chini ya giaboksi. Siwezi kushusha giaboksi bila kulikata."

"Likate, fundi."

"Nitakata. Swali ni kulirudisha. Ukichomelea tena, klachi ijayo tutakata tena. Tufanye kipande cha kufungua."

Akatandika gunia, akapanga vyuma vyake juu yake. Kwanza flenji: sahani mbili za chuma zenye tundu katikati, kila moja inachomelewa kwenye ncha ya bomba, katikati unaweka gasketi ya karatasi ngumu, halafu unakaza kwa bolti tatu. Pili, klempu ya mkanda mpana, inayolikumbatia bomba pande zote pale bomba moja linapovaa juu ya jingine. Tatu, klempu ile ya kawaida ya chuma kilichokunjwa kwa umbo la U, nati mbili, basi.

"Kiungio cha nyuma kiko chini ya bodi ya mizigo," akasema, "hapo mkanda mpana unatosha. Cha mbele kiko chini ya miguu ya abiria, na ndicho kinachopata joto na mtikisiko. Hapo flenji. Usinibishie."

Sikubisha. Aliyebisha ni umeme. Ulikatika saa nne, mji mzima, na bila umeme flenji haichomelewi. Klachi mpya ilikuwa ndani saa nane; umeme bado. Na mkanda mpana aliokuwa nao haukuwa saizi ya bomba langu la mbele.

"Lala hapa, kesho tumalize," fundi akasema.

Nikafikiria Mtae. Mama alikwisha kuambiwa ni leo. Nilimwona akilini amekaa juu ya mzigo wake barabarani, majirani wanamuuliza mkwe yuko wapi. Aibu ile ilinizidi nguvu.

"Funga hiyo ya nati mbili."

Akaiokota ile klempu. "Hii inabana juu na chini tu, mwalimu. Pembeni bomba linabonyea, moshi unapita. Tena ikishaliminya, hutalitoa kwa mkono. Na moshi wa petroli hauombi ruhusa, unamlaza mtu akidhani ana usingizi."

"Nitapita kesho tuiondoe."

"Basi endesha vioo wazi. Umenisikia? Vioo wazi."

Nikasema nimesikia. Wenzangu, hilo neno lishikeni, kwa sababu kweli nilisikia.

LUSHOTO HADI MTAE

Barabara ya Mtae mnaisikia tu. Baada ya Lukozi ni mawe, mifereji ya mvua, halafu mawe tena. Kila chuma kilipogonga chini nilisimama nikachungulia. Mara ya nne, karibu na Sunga, nikakuta bomba limepata jiwe, na kuzunguka kile kiungio cha mbele kuna masizi meusi mabichi. Nikakaza nati. Mzee aliyekuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe akasimama kunitazama.

"Gari linaumwa?"

"Shikamoo mzee. Haliumwi, naliangalia tu."

"Marahaba. Mbona unaliangalia unatetemeka?"

Nilisema ni baridi, na kweli ilikuwepo.

Mtae nilipokelewa na shemeji yangu Salome, mdogo wake Naomi. Nililetewa magimbi, maharage na chai ya tangawizi, nikala peke yangu chumba cha mbele. Mama alikuwa jikoni. Nikasikia akisema, kwa sauti ya kufika, "Salome, mwambie mwalimu gari lake zuri. Watu wamelisifu." Salome akaja akaniambia gari langu zuri. Baada ya hapo ningeanzaje kusema habari za masizi?

MTAE HADI LUSHOTO

Tuliondoka kumepambazuka, ukungu umejaa bondeni. Mama na Salome kiti cha nyuma, pamoja na kapu lenye kuku jike wa mzazi, amefungwa miguu. Mimi mbele peke yangu. Kabla sijawasha gari nilifanya jambo ambalo pale niliona ni heshima: nilikishika kioo cha kati nikakigeuza kitazame paa, ili macho yangu yasikutane na ya mkwe. Nyuma yangu nikasikia mama akishusha pumzi. Alikuwa ameridhika.

Nilishusha kioo changu. Upepo wa Mtae asubuhi unakata. Hatujafika Sunga mama akasema, "Salome, mwambie mwalimu baridi tunaijua, lakini huu upepo unaniingia sikioni, na sikio hili ni bovu."

Salome akaniambia. Hapo ndipo ilikuwa nafasi yangu. Ningesema: shemeji, mwambie mama bomba linavuja, tuvumilie hadi Lushoto. Maneno hayo tu! Badala yake nikasema, "Mwambie mama asamehe," nikapandisha kioo, nikaacha upenyo wa kidole kimoja. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa naficha ugonjwa wa gari kwa sababu gari lilikuwa limesifiwa.

Roho ilikuwa juu juu. Kila baada ya muda nilimuuliza Salome kama wamechoka, akacheka, "Mbona unauliza sana, shemeji?" Lukozi nilisimama nikawanunulia mahindi ya kuchemsha, si kwa njaa, ila milango ifunguliwe.

Lushoto nikaenda moja kwa moja kwa fundi Athumani. Gereji imefungwa. Muuza matunda wa jirani akaniambia fundi ameondoka alfajiri, kuna msiba kwao Mlalo, huenda akarudi keshokutwa. Nilisimama pale mbele ya mlango wa bati nikisoma maandishi ya rangi kama vile yatanipa jibu. Tungelala Lushoto? Mkwe na mkwe, nyumba gani ya wageni? Na Salome alikuwa anaishia hapo, ana shughuli zake.

Akashuka, akasogeza kapu la kuku mahali alipokuwa amekaa. "Sasa mtazungumzaje?" akauliza, anacheka. 

LUSHOTO HADI MUHEZA

Mama alilipata jibu kabla hatujafika Soni.

"Wewe kuku," nikasikia nyuma, "naona una kiu."

Nikasimama, nikanunua maji, nikayapitisha dirishani huku nimetazama mlima. "Kuku, shukuru," akasema. Nikaelewa. Tangu hapo tulisafiri watatu, na kuku ndiye aliyekuwa mkalimani. Kuku aliona joto, nikashusha vioo. Kuku aliuliza hayo mashamba ya mkonge ni ya nani, nami nikamjibu kuku. Kutoka Mombo kwenda chini joto lilikuwa kali na vioo vyote wazi, upepo unapiga. Kifua changu kikafunguka. Nikaanza hata kuimba moyoni.

Korogwe tukaingia hotelini. Mama hawezi kutafuna mbele yangu wala mimi mbele yake. Nikaagiza chakula chake, nikaenda kujibanza nyuma ya jengo na sahani yangu ya wali maharage, nimesimama karibu na mapipa. Mhudumu, dada mmoja mwenye huruma, akaona bibi yuko peke yake.

"Bibi, yule kaka amekukimbia?"

Dada akaja mbio nyuma, akanikuta nimejaza mdomo. "Kaka, si vizuri! Bibi wa watu umemtelekeza na kuku?" Nilijaribu kueleza, punje za wali zinaruka. Wateja wote wakatoka kunitazama. Kwa mtafaruku huo mama hakula zaidi ya matonge mawili, nami nikaona haya kumwambia arudi mezani. Nayataja haya kwa sababu baadaye kila dalili niliyoiona niliita njaa.

MUHEZA HADI KWAMKORO

Muheza tulinunua machungwa. Nilichungulia chini ya gari. Masizi yalikuwa yameongezeka. Nikakaza nati tena. Spana ikazunguka kidogo tu, klempu ilikuwa imelibonyeza bomba hadi mwisho wake. Nikajiambia, kilichobaki ni kupanda tu, tumeshafika.

Tulipoanza kupanda kuelekea Amani mvua ikatukuta. Ile mvua ya kwetu mnaijua. Kiti cha nyuma kililowa, kuku akalalamika kwa sauti ya mama, nikapandisha vioo vyote. Mbele yetu kulikuwa na lori lililobeba mbao, linapanda taratibu, nasi nyuma yake kwa gia ya pili, injini inafanya kazi kweli. Nikasikia mngurumo umebadilika, mzito, kama uko ndani pamoja nasi. Nikanusa moshi. Nikasingizia lori.

"Wewe kuku," mama akasema, "kichwa kinaniuma."

Nilimsikia. Nikasema, "Kuku avumilie, karibu tunafika." Nikafikiria yale matonge mawili ya Korogwe. Hata mimi kichwa kilikuwa kinagonga, nikajilaumu kwa kutokunywa chai.

Kona kadhaa mbele akasema tena, polepole, "Kuku, mbona unasinzia mchana?"

Halafu hakusema tena.

Mwanzoni nilishukuru, nikadhani amepumzika. Kisha ukimya ule ukaanza kuniuma. Nikakohoa kwa makusudi. Kimya. Nikasema, "Kuku, hapo kuna maporomoko mazuri." Kimya. Mkono wangu ukaenda kwenye kioo cha kati ukarudi. Ukaenda tena ukarudi. Wenzangu, nawaambia ukweli wa Mungu: nilipita kona nzima nikibishana na nafsi yangu kama ni halali kumtazama mama mkwe usoni. Mwishowe nikapiga moyo konde, nikakigeuza.

Kichwa chake kilikuwa kimeegemea dirisha, kanga imeanguka mabegani, mdomo wazi.

"Mama!"

Sikumbuki nilivyosimamisha gari. Nilifungua mlango wa nyuma naye akaniangukia. Nikambeba mikononi, mama mkwe wangu, mwepesi kuliko nilivyodhani, nikamlaza kwenye majani kando ya shamba la chai, mvua inampiga usoni. Nilikuwa napiga kelele, sijui nilisema nini. Mama mmoja mchuma chai aliyekuwa amejikinga chini ya mti akaja anakimbia na kapu mgongoni.

"We mwanaume! Unamfanya nini mama wa watu?"

"Ni mkwe wangu!"

"Mkwe wako? Na umemshika hivyo?" Akanisukuma kando. Lakini alipoona uso wa mama akaacha ugomvi, akapiga magoti, akamwinua kichwa na kumlegeza nguo kifuani. "Apate hewa. Ondoka hapo unamziba. Mwombe Mungu wako."

Nikaomba kwa Kishambaa, maneno ya utotoni, yasiyo na mpangilio. Nilimwona Naomi amesimama mlangoni, mtoto mkononi, ananiuliza mama yuko wapi. Hiyo ndiyo picha iliyokuwa kichwani mwangu, hakuna nyingine.

Mama akakohoa. Akageuka ubavu, akatapika. Akavuta hewa ndefu, nyingine, nyingine. Kisha akafumbua macho akanitazama mimi, moja kwa moja, na mimi nikamtazama.

"Mbona tumesimama?" akasema. "Mzazi anatungoja."

Nikalia mbele ya yule mchuma chai, bila aibu.

"Mama, ni moshi wa gari. Kichwa kilianza kukuuma lini?"

"Tulipoacha machungwa."

"Mbona hukusema?"

"Nilimwambia kuku. Hukusikia?"

"Nilisikia, mama."

Kuku alikuwa amekufa ndani ya kapu. Yule mchuma chai akasema asiliwe, akamchukua kumfukia, akatusaidia kumwinua mama. Nilimweka kiti cha mbele, nikashusha vioo vyote vinne, na hivyo ndivyo mlivyotuona.

KWAMKORO, HALAFU MUHEZA TENA

Nilimpitisha zahanati kwanza. Muuguzi akamkalisha kibarazani apate hewa, akamchunguza, akasema ameponea chupuchupu, apumzike, na kichwa kikizidi arudishwe. Nyumbani Naomi alipigwa na butwaa.

"Mama, mbona mbele? Na kanga iko wapi?"

"Tumenyeshewa tu," mama akasema, akanyoosha mikono apewe mjukuu. Hakunitazama wala hakunisema.

Ule wema wake sikuweza kuumeza. Nikamwita Naomi chumbani nikamwambia yote, umeme, klempu, vioo, kuku. Akanisikiliza hadi mwisho, mtoto yuko kifuani.

"Fundi alikwambia?"

"Aliniambia."

Hakulia wala hakugomba. Alinipa mgongo, na kwa siku mbili nilipewa chakula bila neno. Nilistahili.

Siku ya tatu mama akatokea uani, akanisemesha mwenyewe. "Mwalimu. Nitarudi Mtae kwa gari hilo hilo. Lakini leo twende kwa fundi, na mimi nitakuwepo."

Tukashuka Muheza, vioo wazi, yeye mbele. Fundi wa hapo, si Athumani, alipangusa mikono, akapanga vyuma vile vile, akaanza kunieleza mimi. Mama akamkatiza. "Nieleze mimi."

Akaelezwa. Akaishika klempu ya nati mbili, akaigeuza, akairudisha chini. Akaishika flenji, akapitisha kidole kwenye uso wake, akauliza ile karatasi ngumu ya katikati ni ya nini.

"Gasketi, mama. Inaziba pale ambapo chuma na chuma havikutani sawasawa."

"Ni jani la mgomba," akasema. "Chungu cha ndizi usipokiwekea jani chini ya kifuniko, mvuke unatoka wote. Kila ukifungua unaweka jani jipya, au sivyo?"

Fundi akacheka kwa furaha. "Ndivyo, mama. Kila tukifungua, gasketi mpya."

"Basi mbele weka hii. Na nyuma?"

"Nyuma chini ya bodi, mkanda mpana."

"Unakumbatia pande zote?"

"Zote."

"Weka."

Ilichukua hadi alasiri. Alikaa kwenye kigoda karibu, anatazama kila bolti. Fundi alipomaliza akawasha injini, akapitisha mkono wake kuzunguka viungio, akamwalika mama naye apitishe mkono kwa mbali. Mama akafanya hivyo. Akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Nikashukuru, nikafungua mlango wa mbele nimpandishe.

Hakupanda. Alifungua mlango wa nyuma, upande ule aliokuwa amekaa siku ile, akasimama kando akiushikilia.

"Ingia, mwanangu," akasema. "Kaa nilipokaa. Funga vioo vyote. Mimi nitakuwa hapa nje nakutazama mpaka nitakapokwambia utoke."

Injini ilikuwa inanguruma. Naomi alikuwa ameniuliza swali moja tu, kama fundi aliniambia, na mama yake hakuniuliza hata hilo. Nikaingia, nikafunga mlango, nikapandisha kioo.